Kwa Nini Aljebra ya Mstari Inawatesa Wanafunzi wa Kompyuta

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha sita na walimu wa hisabati, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kumaliza kidato cha sita, mwangaluka!

Nimeombwa nizungumze na vijana wanaotaka kusoma sayansi ya kompyuta. Ningeweza kuzungumzia ajira, au akili mnemba ambayo kila mtu anaizungumzia siku hizi. Nimechagua somo moja la mwaka wa kwanza, aljebra ya mstari. Nimelichagua kwa sababu mimi ni mwalimu wa somo hilo, na kila mwaka naona vijana wenye uwezo wanapata sapu, mtihani wa kurudia, kwa ajili yake, wengine wanarudia mwaka, wengine wanadisko, yaani wanaondolewa chuo kabisa. Na nimelichagua kwa sababu sehemu ya dawa yake iko mikononi mwa watu waliokaa humu ukumbini.

Aljebra ya mstari ni hisabati ya vekta na matriksi. Vekta kwa mwanafunzi wa kompyuta ni orodha ya namba zilizopangwa kwa mpangilio wake. Matriksi ni jedwali la namba, zimepangwa kwa safumlalo zinazolala na safuwima zinazosimama. Hakuna mgeni hapa: kwa miaka mingi mada ya vekta na ile ya matriksi zimekaa kidato cha nne, na waliosoma PCM, PGM au EGM, tahasusi zenye hisabati ya juu, wamekutana nazo tena.

Sasa, mwanafunzi akianguka, maelezo huwa mawili. La kwanza, hana msingi. La pili, mvivu, anashinda kwenye simu. Nakubali kwamba darasa la mwaka wa kwanza halilingani: mmoja ametoka PCM, mwenzake alisoma BAM tu, ile hisabati ya ziada, wa tatu amepitia diploma na ana miaka mitatu hajagusa hisabati. Lakini maelezo hayo hayatoshi, na nitawaambia kwa nini. Ukimpa mwanafunzi aliyeanguka matriksi ya tatu kwa tatu umwambie atafute kinyume chake, yaani matriksi inayoitengua kazi yake, mara nyingi atakipata. Anajua hatua zote. Ukimuuliza matriksi hiyo inaifanyia nini vekta inayozidishwa nayo, ananyamaza. Amejifunza kuitumikia hesabu bila kujua hesabu inafanya kazi gani. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nalo.

Tazameni historia ya somo lenyewe. Kutatua milinganyo kadhaa kwa pamoja, kwa kuondoa herufi moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja, ni ujuzi wa kale mno. Wachina walikuwa wakiufanya karibu miaka 2,000 iliyopita, namba zikiwa zimepangwa kwenye jedwali kama tunavyozipanga leo. Sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka 1844, mwalimu wa shule huko Ujerumani, Hermann Grassmann, alichapisha kitabu kilichobeba wazo la nafasi ya vekta: kwamba tunaweza kuzungumzia vitu vyovyote vinavyojumlishika na kuzidishika kwa namba, bila kujali vitu hivyo ni nini. Wanahisabati wa wakati wake hawakumwelewa. Kitabu hakikununuliwa. Arthur Cayley akaandika kuhusu matriksi mwaka 1858. Ilipofika 1888 ndipo Giuseppe Peano, Mwitaliano, alipoandika fafanuzi ya nafasi ya vekta inayofanana na tunayoifundisha sasa, na hata yeye alisubiri miaka mingi kabla ya wengine kuifuata.

Mnaona mwendo huo? Wazo la kuondoa herufi watu wamelishika tangu kale. Wazo la nafasi ya vekta liliwapita wanahisabati wenyewe kwa miongo kadhaa. Sisi chuoni tunayaweka mawazo haya mawili katika semista moja. Wiki ya tatu mwanafunzi anaondoa herufi, anafurahi, anapata majibu. Wiki ya sita anaandikiwa ubaoni kanuni nane au kumi za nafasi ya vekta, anaambiwa athibitishe, na hakuna aliyemwambia kwamba amevuka mpaka. Anaendelea kutafuta namba ya kuandika kama jibu, wakati swali halina jibu la namba.

Na kanuni hizo zimeandikwa kwa lugha ya mantiki, tena kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa mkoa huu ni lugha ya tatu baada ya Kinyamwezi na Kiswahili. Kanuni moja inasema: kuna vekta sifuri, ambayo ukiijumlisha na vekta yoyote, vekta hiyo haibadiliki. Nyingine inasema: kwa kila vekta, kuna vekta kinyume chake ambayo zikijumlishwa zinatoa sifuri. Mwanafunzi anaziona zimefanana. Lakini kusema kwamba kila kufuli ina ufunguo wake, na kusema kwamba upo ufunguo mmoja unaofungua kufuli zote, ni maneno mawili tofauti kabisa, na mtoto wa darasa la nne anaisikia tofauti hiyo ukimwambia kwa Kiswahili. Sifuri ni ule ufunguo mmoja wa kufuli zote. Kinyume ni kila kufuli na ufunguo wake. Nimeona sura zikibadilika darasani kwa sentensi hizo mbili. Walimu, tukitumia dakika tano kusema jambo kwa Kiswahili kisha tukarudi kwenye lugha ya mtihani, hatujavunja heshima ya somo.

Nitoke kwenye kanuni, niwape matriksi ya hapa hapa. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tabora reli nyingine inakwenda Mwanza, na kutoka Kaliua tawi linakwenda Mpanda. Chukueni stesheni sita tu, zile ndogo za katikati tuziache: Dodoma, Tabora, Mwanza, Kaliua, Kigoma, Mpanda. Chora jedwali la sita kwa sita. Penye reli ya moja kwa moja kati ya stesheni mbili weka 1, pasipo na reli weka 0. Safumlalo ya Tabora itakuwa na 1 tatu: Dodoma, Mwanza, Kaliua. Ya Kaliua nayo ina tatu: Tabora, Kigoma, Mpanda. Ya Dodoma ina moja tu, ya Tabora. Jedwali hilo ni matriksi, na mwanafunzi wa kompyuta ataliita muundo wa data, akalihifadhi kwenye programu yake kwa mistari michache.

Ukiizidisha matriksi hiyo kwa yenyewe, kwa kanuni ileile mnayoikariri ya safumlalo mara safuwima, unapata jedwali jipya. Kwenye kisanduku cha Dodoma na Mwanza, palipokuwa na 0, sasa pana 1. Kwenye cha Dodoma na Kigoma bado pana 0. Zidisha mara moja zaidi, Dodoma na Kigoma inakuwa 1. Matriksi imehesabu njia: mara ya kwanza safari za hatua mbili, kisha za hatua tatu. Kutoka Dodoma unapita Tabora, unapita Kaliua, unafika Kigoma. Kile kisanduku cha Tabora na Tabora kinatoa 3 kwenye hatua mbili, kwa sababu kutoka hapa unaweza kwenda na kurudi kwa njia tatu. Mtu aliyefundishwa hivi anajua kwa nini kuzidisha matriksi kumepangwa kwa namna ile inayoonekana ya ajabu. Aliyepewa kanuni bila sababu anaamini kuna mtu aliibuni ili kumtesa.

Tazameni pia safumlalo ya Dodoma na ya Mwanza. Ni zilezile: kila moja ina 1 chini ya Tabora, basi. Ya Kigoma na ya Mpanda vilevile. Mtu akikupa majirani wa stesheni na asikuambie jina, huwezi kutofautisha Dodoma na Mwanza. Kwa hiyo determinanti ya matriksi hii, ile namba moja inayotuambia kama matriksi ina kinyume, ni sifuri, bila kukokotoa chochote, na matriksi haina kinyume. Safumlalo ziko sita lakini habari zilizomo ni za nne tu. Hapo ndipo neno "rank" la kwenye madesa yenu linapopata maana.

Sasa lile jambo linalowatisha kuliko yote, aigenivekta. Ipe kila stesheni uzito wa 1. Halafu sema: uzito mpya wa kila stesheni ni jumla ya uzito wa majirani zake. Hiyo ni kuzidisha matriksi kwa vekta. Tabora na Kaliua zinapata 3, zile nne za mwisho wa njia zinapata 1. Rudia: 5 na 3. Rudia: 11 na 5. Tena: 21 na 11. Tena: 43 na 21. Mnaona uwiano unakokwenda? Unakaribia 2 kwa 1. Basi anzeni moja kwa moja na 2 kwa Tabora na Kaliua, na 1 kwa zile nyingine. Tabora inapata 1 ya Dodoma, 1 ya Mwanza, 2 ya Kaliua, jumla 4. Dodoma inapata 2 ya Tabora. Kila uzito umekuwa mara mbili, mpangilio haukubadilika. Vekta hiyo ni aigenivekta, na ile mara mbili ndiyo thamani yake. Umuhimu wa stesheni tumeupata kwa kuuliza imeungana na nani, na hao nao wameungana na nani. Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Stanford, walijenga mtambo wa kutafuta kwenye intaneti, waliouchapishia maelezo mwaka 1998, kwa wazo la ukoo huu, ila kurasa za wavuti zikichukua nafasi ya stesheni, na kila ukurasa ukigawa uzito wake kwa kurasa unazozielekeza. Kampuni ya Google ilianzia hapo.

Hesabu hii nimeifanya kwa kujumlisha tu. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Chuoni tunamfikisha mwanafunzi kwenye jambo hilihili kwa kumwandikia mlinganyo wa determinanti, anatafuta mzizi wake, anaweka alama ya tiki, anaondoka. Amepata maksi nne, na wala hajui kwamba ameshika kitu.

Kuna kidonda kingine ambacho ni chetu sisi watu wa vyuo, na nitakisema mbele yenu. Somo la programu linafundishwa jengo moja, la aljebra jengo jingine, na walimu hawakutani. Mwanafunzi anafundishwa kutafuta determinanti kwa kupanua kwa vitoto vyake, yaani matriksi ndogo zinazobaki ukifuta safumlalo moja na safuwima moja: safumlalo ya kwanza, toa, jumlisha. Kwa tatu kwa tatu, sawa. Lakini njia hiyo kwa matriksi ya 25 kwa 25 inadai hatua zaidi ya 25 mara 24 mara 23 mpaka 1, namba yenye tarakimu 26. Kompyuta inayofanya kuzidisha bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka milioni 400. Njia ya kuondoa herufi, ile ya Wachina, inahitaji kuzidisha kama mara 5,200. Kazi inayoisha kabla hujapepesa jicho! Semista hiyohiyo, katika somo jingine, kijana huyu anafundishwa kupima kasi ya algoriti, yaani mfuatano wa hatua ambazo kompyuta inazifuata kumaliza kazi. Hakuna anayemwonyesha kwamba mfano bora wa somo lile uko kwenye daftari la somo hili. Kwa hiyo anaamini aljebra ni kikwazo kilichowekwa mlangoni, na programu ndiyo nyumba.

Nipeni nafasi ya mfano mmoja zaidi, kwa sababu huu unawagusa wanaopenda kompyuta kuliko hisabati. Milinganyo miwili: 0.0001x + y = 1, na x + y = 2. Jibu sahihi ni x na y zote karibu kabisa na 1. Sasa jifanye kompyuta inayokumbuka tarakimu tatu tu za kila namba. Ondoa x kwa kuzidisha mlinganyo wa kwanza kwa 10,000 na kuutoa kwenye wa pili. Unapata −9,999y = −9,998, lakini kwa tarakimu tatu pande zote mbili zinakuwa −10,000. Kwa hiyo y ni 1. Rudi kwenye mlinganyo wa kwanza: x inatoka 0. Hisabati ilikuwa sahihi kila hatua, na jibu ni uongo mtupu. Geuza mpangilio, anza na mlinganyo wa pili, fanya yaleyale: x ni 1, y ni 1. Kompyuta halisi inakumbuka tarakimu nyingi zaidi, kama 16 hivi, lakini nayo ina mwisho, na maradhi ni yaleyale. Daraja linapimwa kwa milinganyo ya namna hii ikiwa maelfu kwa maelfu. Orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani, inayotolewa tangu 1993, huzipanga kwa kasi yao ya kutatua milinganyo ya mstari. Picha mnazotumiana kwenye simu zinabanwa kwa vipande vya pikseli nane kwa nane vinavyozidishwa na matriksi. Mitambo ya lugha inayojibu maswali yenu inatumia muda wake mwingi kuzidisha matriksi. Kijana anayeomba somo hili lifutwe kwenye shahada ya kompyuta, kwa sababu "halitumiki", ameficha machoni pake kazi yenyewe anayotaka kuifanya.

Walimu wa sekondari, nina ombi moja kwenu, na halihitaji kompyuta wala umeme. Ile mada ya matriksi na ugeuzi iko mwishoni mwa mwaka, mtihani uko mlangoni, na wengi mnalazimika kuipitia mbio. Naijua hali hiyo. Lakini chukueni karatasi ya grafu, vipindi viwili. Mwanafunzi achore mraba wenye kona (0,0), (1,0), (1,1) na (0,1). Azidishe kila kona kwa matriksi yenye safumlalo 2, 1 na 0, 1. Mraba utalala upande na kutanuka. Aone kwamba safuwima ya kwanza inaonyesha (1,0) imekwenda wapi, na ya pili (0,1) imekwenda wapi. Ahesabu eneo, apate 2, kisha akokotoe determinanti, apate 2. Halafu ajaribu matriksi yenye 1, 2 juu na 2, 4 chini. Mraba wote unabanwa ukawa kipande cha mstari, eneo sifuri. Muulize: ukiona mstari huu, unaweza kujua kila nukta ilitoka wapi? Hawezi. Ndiyo maana kinyume hakipo. Mtoto aliyeona hilo kwa macho yake na kulichora kwa penseli yake hatanyamaza mbele yangu chuoni.

Wenzangu wa vyuo nimekwisha kuwaambia kwenye vikao: mtihani ukiuliza tu "tafuta", mwanafunzi atabukua njia za kutafuta, na tunamwonea tukisema anakariri, kwa sababu sisi ndio tunaolipa kukariri kwa maksi. Swali moja katika kila mtihani liulize "eleza", na kazi moja ya kila wiki ifanyike kwenye kompyuta.

Nanyi wanafunzi. Mkimaliza mtihani wa Mei mtakuwa na miezi kadhaa nyumbani kabla vyuo havijafunguliwa. Wengine watakwenda JKT, wengine watasaidia kazi za nyumbani. Saa moja kwa siku inatosha. Asiye na kompyuta atumie daftari; mwenye simu anaweza kuandika programu fupi za Python humohumo. Msianze na kitabu cha chuo ukurasa wa kwanza. Anzeni na reli yetu.

Na hii ndiyo kazi ninayowaachia. Ongezeni Shinyanga kati ya Tabora na Mwanza, stesheni ziwe saba. Kila moja ipewe 1, kisha mzidishe kama tulivyofanya. Mara ya kwanza Tabora na Kaliua zitapata 3 na 3. Mara ya pili 6 na 5. Mara ya tatu 12 na 12. Kisha 26 na 22, halafu 50 na 50. Safari moja Tabora inaongoza, safari inayofuata zinalingana, wala uwiano hautulii kama mwanzo. Tafuteni kwa nini. Dokezo langu ni hili: zigaweni stesheni saba katika makundi mawili, ili kila reli itoke kundi moja kwenda jingine, halafu mwangalie Tabora iko na nani na Kaliua iko na nani. Walimu wenu wanisaidie kuwanyima jibu kwa wiki moja.